Doh Iende Chini ya Ndai

Wasee wengi mtaani wako na hii imani ati ofrodi ni mchezo wa wazito. Ukiambia mtu unataka kupeleka ndai Suswa ama Magadi, kitu ya kwanza inamjia ni Land Cruiser mpya ya mamilioni, tenti juu, friji nyuma, na mwenyewe amedunga kofia ya safari. Mi nakataa. Barabara mbaya za hii Kenya zimepitwa na pikapu kuukuu tangu kitambo, kabla hata mtu aite hiyo maneno ofrodi. Nani hutoa miraa Maua usiku? Nani hushusha kabeji Kinangop wakati mvua imekula barabara? Nani hubeba mbuzi na magunia huko Kajiado penye lami haijawahi onekana? Ni pikapu za watu wa kawaida, madereva wenye hawana hata muda wa kupiga picha.

So ka uko Umoja, Kayole, Rongai ama Kitengela, na una mabeshte wawili watatu wenye mnaeza changa, hii kitu inawezekana. Lakini kuna sheria moja mi huirudia kwa kila mtu ananiuliza: doh iende chini ya gari, si juu. Kila shilingi inaishia penye macho ya watu hayafiki, hiyo ndio itakurudisha nyumbani.

Tuanze na ndai yenyewe. Kuna Hilux ya kizazi cha tano, ile ilitoka 1988. Ndani ya hiyo familia tafta yenye kodi yake ni LN106. Hiyo ni dizeli, ni fowili, na mbele iko na eksoli moja ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, imekalia springi za lifu ka za lori. Injini ni 3L, cc 2,779, haina tarbo, haina kompyuta. Pampu ya dizeli inazungushwa na injini yenyewe. Hiyo ndio siri ya hii gari: ikizima pale Baragoi ama Loiyangalani, kuna fundi karibu mwenye amewahi kufungua moja ka hiyo, na spana za kawaida zinatosha.

Sitakudanganya kuhusu mwendo. Ukipanda eskapmenti ya Mai Mahiu na mzigo nyuma, utakaa nyuma ya malori na utazoea. Wenye wanataka kukimbia watafte kitu ingine. Hii imetengenezwa kuvuta mos mos.

Kuna Hilux zingine za hiyo miaka zenye mbele kila gurudumu liko kivyake, zinategemea toshen baa. Kwa lami ziko laini zaidi, lakini kuziinua ni gharama, na ukizidisha, zile shafti za mbele zinaanza kufanya kazi kwa pembe mbaya na kuchapa haraka. Isuzu za zamani nazo ni ngumu na spea ziko kila mahali. Peugeot 504 mi naipenda na roho safi, juu ndio iliwafunza wazee wetu nini maana ya gari ya kazi, na ilishinda Safari Rally 1975, alafu ile ya kupe ikarudia 1978. Lakini pikapu ya 504 yenye utapata hapa inasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Heshima yake iko palepale, ila kwa hii kazi tunataka fowili.

Sasa, Kenya hairuhusu kuingiza gari ya mtumba yenye imepitisha miaka 8. Maana yake ni kwamba LN106 yoyote utapata imeishi hapa, imezeeka hapa, na imebeba kitu. Muulize mwenye anakuuzia imekuwa ikibeba nini na wapi. Ya shamba la chai imeshinda kwa matope lakini mara nyingi ilihudumiwa na watu wa kampuni. Ya mawe ya Ndarugo, chasis imeteseka. Ya Mombasa ama Magadi, tafta kutu kabla hujasalimia mtu.

Hapa ndio unafaa kuchafua nguo. Ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chasis mos mos, hasa nyuma penye springi zinashikilia. Chuma nzima inalia kwa sauti kali. Yenye imeliwa na kutu inatoa sauti imekufa, na wakati mwingine vipande vinakuangukia kwa uso. Ukipata pale pamechomelewa sahani mpya na kupakwa rangi nyeusi nzito, uliza ni kwa nini. Chasis mbovu haina dawa ya bei ndogo, so hapo unamshukuru mwenyewe na unaishia.

Alafu songa mbele, nyuma ya gurudumu. Utaona tufe la chuma laini, linang'aa, ndilo gurudumu hugeukia hapo ukikata kona. Lipanguse na kidole. Ukipata utando mwembamba wa grisi, uko sawa. Ukipata mafuta meusi, mepesi, yanateremka hadi kwa rimu, jua oili sili ya ndani imeenda, na oili ya difu imeingia kuchanganyika na grisi. Hiyo si mwisho wa dunia. Sili na beringi zake ziko Grogan, na fundi mzuri anafungua pande zote mbili kwa siku moja. Lakini ni kitu ya kuteremsha bei, na wauzaji wengi huwa hawajui unaijua.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Ukifika upate jamaa ameshaipasha, rudi kesho asubuhi. Fungua kifuniko ya rejeta kabla ya kuwasha, uangalie ka maji yako na rangi safi. Ikiwashwa na iendelee kutoa mapovu kwa hayo maji, gasketi ama silinda hedi ina shida. Hizi injini za L zinavumilia karibu kila kitu isipokuwa joto. Ikichemka mara moja vibaya, hedi inaeza pasuka, na hiyo ndio gharama yenye huvunja mradi wa wasee wengi.

Na karatasi. Namba ya chasis kwa chuma ilingane na ya logbuku, herufi kwa herufi. Ka injini ilibadilishwa, namba mpya inafaa iwe imeingia kwa rekodi za NTSA. Ka haijaingia, muuzaji amalize hiyo kazi kabla doh yako itoke mfukoni.

Tuseme mmechanga laki sita. Usinunue gari ya laki sita. Nunua ya laki tatu unusu ama nne, na ile imebaki uifungie mahali. Hii ni hesabu yenye watu hukataa kusikia, juu gari ya laki sita inatokelezea vizuri kwa picha. Lakini gari ya hiyo miaka, hata ukaipata safi, bado itakuomba pesa miezi ya kwanza. Ka huna, itasimama kwa ploti ikingoja, na majirani wataanza kuweka nguo juu ya boneti.

Hiyo pesa ya kwanza haifanyi kitu yoyote ya kupendeza. Inabadilisha taiming belti, juu hii injini inatumia belti, na belti ikikatika ukiwa unaenda, vali na pistoni zinakutana. Haijalishi muuzaji amesema alibadilisha lini. Inabadilisha oili zote: injini, gia boksi, ile boksi ya fowili, difu ya mbele na ya nyuma. Inatoa rejeta na kuipeleka ioshwe ndani, inaweka themostati mpya na hozi mpya za maji. Themostati usitoe na kutupa venye mafundi wengine hupenda. Injini ya dizeli ikikimbia baridi inakula mafuta na inajichapa yenyewe ndani. Alafu breki, kamili: pedi, shuu, silinda za nyuma, mafuta mapya ya breki. Gari yenye inaenda penye hakuna barabara inateremka pia, na kuteremka ndio mtihani.

Kwa spea, mahali ni Kirinyaga Road, yenye wasee wote bado huita Grogan. Kuna mzee huko wa springi, mikono yake nyeusi ya grisi ya miaka mingi, mwenye tulimwendea na mpango wetu wa kuinua gari juu kabisa. Alitusikiza hadi mwisho.

"Mzae, tunataka iende juu, kitu inchi nne hivi."

"Kijana, unataka kuangalia milima ama kuipanda?"

"Kuipanda."

"Basi inchi mbili. Ya tatu ni ya kukuangusha kwa kona."

Alikuwa sahihi, na ningeandika hiyo maneno kwa ukuta wa kila gereji. Inchi mbili, karibu sentimita 5, zinatosha kuweka tairi kubwa na kuacha springi ifanye kazi. Ukipita hapo, kitovu cha uzito kinapanda, propela inafanya kazi kwa pembe kali, stering inaanza kutangatanga kwa lami. Springi za zamani zinaeza rudishwa umbo: wanazifungua, wanakunja kila lifu upya kwa mashini bila moto, alafu wanaongeza lifu moja. Uliza ka watazikunja baridi. Zikikunjwa kwa moto bila kurudishiwa ugumu wake, zitalala tena kabla mwaka uishe. Na usiruhusu mtu yeyote achomelee springi. Ile chuma imepewa ugumu maalum, na penye moto wa welding umepita ndipo itakatika, na haitakatikia mtaani. Nunua yu-bolti mpya, zile za zamani zilishavutika. Shokomzoba ziwe ndefu kulingana na urefu mpya, na hozi za breki vilevile. Simamisha gari gurudumu moja likining'inia uangalie ka hozi imekazika. Ikikazika ukiwa umesimama, ukiwa Suswa itang'oka.

Tairi ndio mahali pa kumwaga doh bila kulia. Size yenye inaingia poa na hiyo inchi mbili ni 235/85R16, nyembamba na ndefu. Wasee hupenda tairi pana juu ya luku. Kwa udongo mweusi wa Athi na Kitengela, tairi nyembamba inakata ile takataka ya juu inatafta ardhi ngumu chini. Pana inaelea, alafu inajaa matope, alafu inakuwa mpira laini unateleza. Ka unanunua za mtumba, angalia zile namba nne za mwisho kwa ubavu baada ya herufi DOT. 2319 inamaanisha ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi yenye ina meno mazuri lakini umri mkubwa imekauka, na ubavu utapasuka kwa jiwe la kwanza. Kumbuka pia spidometa itakuhadaa. Ka gari ilikuwa na 205R16, ikisoma 80 uko karibu 87, na karao wa spidi hawatasikiliza hiyo stori.

Presha ni bure na ndio silaha kubwa kuliko winchi. Kwa lami weka 32 ama 35 kulingana na mzigo. Ukiingia mawe na vumbi teremsha hadi 24. Mchanga wa kweli, 16 ama 18. Tairi inalala, inashika eneo kubwa, na gari yenye ilikuwa inajichimbia kaburi inatoka taratibu. Tairi za chubu si za kuteremshwa sana, juu chubu inazunguka ndani inang'oa vali. Nunua pampu ndogo ya betri, na ukirudi lami ujaze kabla hujaanza kukimbia.

Sasa nije kwa kitu yenye mi naipenda kuliko zote, na inakaribia kuwa bure. Juu ya kila difu kuna kapumuo kadogo ka chuma, ukubwa wa kofia ya kalamu. Kazi yake ni kuacha hewa iingie na itoke difu ikipata joto. Umeendesha masaa mawili, difu ina joto, alafu unavuka mto. Maji baridi yanaipoza ghafla, hewa ya ndani inajikunja, na difu inavuta. Ka kapumuo kako chini ya maji, inavuta maji. Wiki mbili baadaye unafungua, oili imekuwa ka chai ya maziwa, na beringi zimeanza kulia. Dawa ni kutoa hako kapumuo, kuweka nipo ya shaba, kuunganisha hozi ya mafuta, klipu mbili, na kuipandisha hadi juu kwa injini ama nyuma ya kiti. Difu zote mbili, na gia boksi ukiwa na uwezo. Soo chache na jioni moja. Nimeona ndai za mamilioni zenye hazina hii kitu.

Snokeli ni nzuri, lakini watu wengi huweka ya mapambo, na maungio yake yanavuja. Ka haijazibwa kila mahali hadi kwa boksi ya chujio, injini itavuta maji kwa shimo la chini, na maji hayakandamiziki. Fimbo za pistoni zinapinda hapo hapo. Kwa vumbi la Suswa, chujio safi na boksi yenye inafunga vizuri itakusaidia kuliko bomba refu.

Mambo ya kuvutana yanahitaji heshima. Weka ndoano mbili za kweli mbele na moja nyuma, zimefungwa kwa chasis na bolti za daraja la juu, si kwa bampa. Na nisikie vizuri hapa: usiwahi funga kamba kwa ile mpira ya kuvutia trela. Hiyo mpira ikikatika ikiwa imevutwa, inaruka na inapita kwa kioo, na watu wamekufa hivyo sehemu nyingi duniani. Kamba ikikazika, kila mtu asimame mbali, na blanketi ama jaketi nzito iwekwe katikati ya kamba. Beleshi, mbao mbili nene, jeki yenye inafikia urefu mpya wa gari, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki. Hivyo vitu vinatoka Kamukunji na Gikomba kwa bei ya mtu wa kawaida. Wazee wa jua kali wa Kamukunji wanaeza pia kukuundia sahani ya kukinga tangi na stering ukiwapelekea kipimo. Ka wanachomelea kwa gari, toa waya za betri kwanza, altaneta isichomeke.

Vyenye nimeacha nje vinajulikana. Mstari wa taa juu ya paa, bulbaa ya kilo mia, rimu za kung'aa, stika. Sichukii mtu kupamba ndai yake. Lakini kila kilo unaongeza ni springi zinabeba, ni breki zinasimamisha, na ni hiyo injini ya 3L inavuta. Weka mizigo nyepesi na uipange chini.

Mtihani wa kwanza mi naupendekeza ni Suswa. Ni mlima wa volkano, mita 2,356, unaufikia ukipitia Mai Mahiu alafu barabara ya Narok. Ukitoka lami, vumbi ni laini na refu, linaficha mawe. Ukianza kupanda kuelekea ukingo wa kreta, shuka, zungusha habu za mbele hadi LOCK, rudi ndani, weka fowili ya lo, gia ya kwanza, alafu toa mguu kwa klachi kabisa. Gari itatambaa yenyewe. Hapo ndio utaelewa kwa nini tulikaa na rejeta na springi badala ya taa. Sikiliza. Ukisikia chuma, simama, shuka uangalie. Ukiteremka, gia ileile, injini ndio breki yako. Ukirudi lami toa fowili, juu hii gari haina difu ya katikati na kwa lami kavu inajifunga yenyewe na kuvunja vitu.

Pale juu ni ardhi ya Wamaasai, kuna ada ya hifadhi ya jamii, na kuna vijana wa pale wenye wanajua kila pango. Lipa, chukua mmoja akuongoze, na ufuate njia yenye iko. Nyasi yenye tairi imepita mara moja inabaki na alama hadi mvua ingine, na ng'ombe za mtu zinategemea hiyo nyasi. Wenye wanataka kuona hii heshima ikifanywa kwa kiwango kikubwa wacheki Rhino Charge, yale mashindano ya ofrodi. Ilianza 1989, pesa yake ikasaidia kujenga ua wa Aberdare wa karibu kilomita 400, wenye ulikamilika 2009. Na kwa Charge anayeshinda si mwenye kasi. Ni mwenye amefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Ni mchezo wa kufikiria, kusoma ardhi, na gari yenye haivunjiki. Mamanzi wenye wanaingia hii kitu sai wanaielewa haraka, juu hawaji na kiburi ya kukanyaga mafuta.

So ongea na mabeshte, angalieni ocha kwenu, kwa boma ya mjomba, kwa yadi ya chama cha ushirika. Kuna LN106 mahali imekaa chini ya mti. Msiende peke yenu mara ya kwanza: magari mawili, lita 20 za maji, na mtu nyumbani ajue mko wapi na mnarudi lini. Na ka tayari una pikapu na mfukoni una soo tano pekee wikendi hii, usingoje hadi uomoke. Nunua hozi na klipu, ingia chini, upandishe pumzi ya difu.